Makosa yanayowaponza wanafunzi wanapopima nadharia tete

MWANAFUNZI wa takwimu anaweza kuijaza karatasi hesabu kuanzia juu hadi chini bila kukosea hata tarakimu moja, kisha akaiharibu kazi yote kwa sentensi ya mwisho. Kikokotoo hakikumdanganya. Kilichomponza ni kutoelewa swali ambalo hesabu yenyewe ilikuwa ikilijibu.

Makosa ya aina hiyo hujitokeza sana katika somo la kupima nadharia tete kwa kutumia mtawanyo wa kawaida. Ni somo ambalo wengi nchini Kenya hukutana nalo baada tu ya kumaliza shule ya upili. Hufunzwa vyuoni, kwa mfano katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, mtaani Westlands, na hutahiniwa pia katika mitihani ya uhasibu ya bodi ya Kasneb, yenye makao yake Upper Hill.

Aidha, si somo la kupitia mtihani tu. Wanaokagua uzito wa bidhaa, wanaoendesha kura za maoni na wanaojaribu tiba mpya hutumia njia iyo hiyo. Wakikosea, anayeumia ni mnunuzi, mpiga kura au mgonjwa.

Mfano wa pakiti za unga

Chukua mfano wa kubuni. Mwanafunzi anashuku kwamba pakiti za kilo mbili za aina fulani ya unga wa mahindi, zinazouzwa Kangemi na Kawangware, hazitimizi uzito ulioandikwa juu yake. Anazunguka madukani, ananunua pakiti 36 na kuzipima moja baada ya nyingine. Wastani anaoupata ni gramu 1,994, yaani upungufu wa gramu sita.

Je, mtambo wa kiwanda unawapunja wateja, au ni sadfa tu kwamba pakiti alizozipata zilikuwa nyepesi? Hakuna mtambo unaojaza pakiti zote sawasawa. Baadhi huzidi kidogo, na nyingine hupungua. Uzito wa pakiti nyingi ukichorwa, aghalabu hujitokeza mchoro wenye umbo la kengele: nyingi hukusanyika karibu na wastani na chache huwa mbali nao, pande zote mbili. Huo ndio mtawanyo wa kawaida. Kipimo cha jinsi pakiti zinavyotofautiana na wastani huitwa mchepuko sanifu. Katika mfano huu, ichukuliwe kwamba kumbukumbu za mtambo zinaonyesha kipimo hicho ni gramu 20.

Upimaji huanza kwa madai mawili. La kwanza ni nadharia tete sufuri, isemayo kwamba hakuna kasoro: wastani wa pakiti zote zinazotoka kwenye mtambo ni gramu 2,000. La pili ni nadharia tete mbadala, isemayo kwamba wastani huo uko chini ya gramu 2,000. Mambo huendeshwa kama mahakamani. Mtambo ndio mshtakiwa, nao huhesabiwa hauna hatia hadi ushahidi uulemee.

Kosa la kwanza hufanyika papo hapo. Wanafunzi wengi huandika madai yao kuhusu zile pakiti 36 zilizo mezani. Wastani wa pakiti hizo unajulikana tayari, na hauna cha kupimwa zaidi. Swali linahusu maelfu ya pakiti ambazo hazikununuliwa. Pakiti 36 ni mashahidi tu katika kesi hiyo.

Kipeuo kinachosahaulika

Kosa la pili ni la hesabu, lakini chimbuko lake ni maana. Mwanafunzi huchukua upungufu wa gramu sita, akaugawanya kwa mchepuko sanifu wa gramu 20, na kupata 0.3. Anaona ni kiasi kidogo mno, anafunga daftari.

Gramu 20 zinaeleza jinsi pakiti moja inavyoweza kutofautiana na nyingine. Wastani wa pakiti 36 hauyumbi kiasi hicho, kwa sababu zilizozidi hufidia zilizopungua. Kwa hiyo mchepuko sanifu sharti kwanza ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya pakiti. Kipeuo cha pili cha 36 ni sita, na 20 ukigawanya kwa sita unapata gramu 3.33. Kiasi hicho huitwa kosa sanifu la wastani.

Upungufu wa gramu sita ukigawanywa kwa 3.33, jibu ni 1.8. Kwa kuwa ni upungufu, huandikwa -1.8, na ndiyo inayoitwa alama z. Maana yake ni kwamba wastani wa sampuli uko chini ya uzito ulioandikwa kwa makosa sanifu 1.8. Aliyesahau kipeuo ameuachilia huru mtambo ambao kesi yake haijasikizwa.

Mwamba ngoma huivutia kwake

Sasa inabakia kuamua iwapo -1.8 ni mbali vya kutosha. Kwa desturi, watafiti hukubali hatari ya asilimia tano ya kumtia hatiani asiye na kosa. Desturi hiyo ilienezwa na Mwingereza Ronald Fisher katika kitabu alichokichapisha mwaka 1925. Ni makubaliano ya watu, wala si sheria ya maumbile.

Anayetafuta upungufu pekee huiweka hatari yote katika mkia mmoja wa kengele, na mpaka wake huwa -1.645. Anayetafuta tofauti yoyote ile, ya kuzidi au kupungua, huigawa hatari hiyo katika mikia miwili, na mipaka yake huwa -1.96 na 1.96.

Alama ya -1.8 imeangukia baina ya mipaka hiyo. Kwa mkia mmoja, mtambo una hatia. Kwa mikia miwili, ushahidi haujatosha. Pakiti ni zile zile na mizani ni ile ile. Hatari ikipunguzwa hadi asilimia moja, mpaka wa mkia mmoja huwa -2.326, na mtambo unaponyoka tena.

Ndiyo sababu uamuzi kuhusu mikia na kiwango cha hatari sharti uandikwe kabla ya pakiti ya kwanza kuwekwa kwenye mizani. Mwamba ngoma, wahenga walinena, ngozi huivutia kwake. Mwanafunzi anayechagua mkia baada ya kuliona jibu anafanya vivyo hivyo, na ile asilimia tano anayoiandika haina ukweli tena. Katika mfano huu, aliyeshuku upungufu tangu mwanzo ana haki ya kutumia mkia mmoja na kuikataa nadharia tete sufuri.

Kukosa ushahidi si kutokuwa na hatia

Kosa la nne ndilo zito kuliko yote. Chukulia kwamba mwanafunzi huyo alikuwa na fedha za kununulia pakiti tisa tu, akapata upungufu ule ule wa gramu sita. Kipeuo cha pili cha tisa ni tatu, hivyo kosa sanifu linakuwa gramu 6.67 na alama z inakuwa -0.9. Mpaka wa -1.645 haukufikiwa. Anaandika: "Imethibitika kwamba wastani ni gramu 2,000."

Hakuna kilichothibitika. Hata kama mtambo huo kwa kweli hupunguza gramu sita katika wastani wa pakiti zake, sampuli ya pakiti tisa ingeugundua upungufu huo mara 23 hivi katika majaribio 100. Mara 77 ungepita bila kuonekana. Pakiti 36 zingeugundua mara 56 hivi, na pakiti 100 mara 91.

Wataalamu Jerzy Neyman na Egon Pearson, waliouweka msingi wa utaratibu huu miaka ya 1920 na 1930, waliyatenga makosa hayo katika aina mbili. Aina ya kwanza ni kumtia hatiani asiye na kosa. Ya pili ni kumwachilia mkosaji. Asilimia tano hulinda dhidi ya aina ya kwanza pekee. Kinga ya aina ya pili hutokana hasa na ukubwa wa sampuli.

Kwa hivyo, sentensi iliyo sahihi ni hii: "Ushahidi uliopatikana hautoshi kukataa dai kwamba wastani ni gramu 2,000." Baadhi ya wanafunzi huiona kuwa ni kuzungusha maneno. Lakini mkaguzi akiandika kwamba uzito umethibitishwa, ilhali alipima pakiti tisa tu, faili hufungwa na mnunuzi huendelea kulipia unga asioupata. Kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, suala hilo si la darasani pekee.

Kura za maoni nazo husomwa kwa kosa hilo, ila kwa upande wa pili. Ichukuliwe kwamba watu 2,000 waliochaguliwa kwa nasibu wamehojiwa, na mgombea mmoja akapata asilimia 45 na mwingine 43. Baadhi ya wasomaji husema wa kwanza anaongoza. Hesabu huonyesha kwamba pengo baina yao linaweza kuyumba kwa takriban asilimia nne juu au chini, kwa hivyo pengo la mbili halithibitishi kwamba yeyote anaongoza. Wala halithibitishi kwamba wako sawa. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi nchini Kenya huwataka wachapishaji waeleze idadi ya waliohojiwa na kiwango cha kosa. Takwimu hizo humfaa yule tu anayejua kuzisoma.

Thamani p na barabara iliyolowa

Kompyuta siku hizi hutoa jibu kwa namna nyingine, iitwayo thamani p. Kwa alama z ya -1.8 na mkia mmoja, thamani hiyo ni 0.036. Wanafunzi wengi huifasiri hivi: uwezekano wa mtambo kutokuwa na kasoro ni asilimia 3.6. Hilo ni kosa la tano.

Maana yake ni hii: endapo mtambo hauna kasoro, sampuli ya pakiti 36 yenye upungufu wa gramu sita au zaidi ingetokea mara 3.6 hivi katika kila 100. Maelezo hayo mawili yanakaribiana kwa sauti tu. Mvua kubwa ikinyesha Westlands, ni hakika kwamba barabara ya Waiyaki italowa. Lakini anayeikuta barabara imelowa hawezi kusema kwa uhakika ule ule kwamba mvua imenyesha, kwani huenda ni bomba lililopasuka. Uwezekano wa maji kukiwa na mvua si uwezekano wa mvua kukiwa na maji.

Kosa hili haliwahusu wanafunzi peke yao. Mnamo Machi 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kutoa taarifa kuwakumbusha watafiti kwamba thamani p haipimi uwezekano wa nadharia kuwa kweli, wala ukubwa au umuhimu wa tofauti iliyoonekana.

Mtu aliyejiita Mwanafunzi

Kosa la sita ni kutumia mtawanyo wa kawaida mahali pasipostahili. Katika mfano wa unga, mchepuko sanifu ulijulikana kutokana na kumbukumbu za mtambo. Mara nyingi haujulikani, na mtafiti hulazimika kuukadiria kutokana na sampuli yenyewe. Sampuli ikiwa ndogo, makadirio hayo nayo huyumba, na mpaka wa -1.645 huwa mwepesi kupita kiasi.

Aliyeligundua tatizo hilo alikuwa William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin, Ireland. Alikuwa akifanya majaribio yenye vipimo vichache tu, akaona kwamba majedwali yaliyokuwepo hayakumfaa. Mwaka 1908 alichapisha suluhisho lake kwa jina la kupanga, Student, yaani Mwanafunzi. Ndipo ulipopatikana mtawanyo wa t. Kwa pakiti tisa ambazo mchepuko wake umekadiriwa kutoka kwenye sampuli, mpaka wa mkia mmoja huwa -1.860 badala ya -1.645.

Sampuli yenyewe nayo huweza kuwa na dosari isiyorekebishwa na jedwali lolote. Mwanafunzi akinunua mafurushi matatu ya pakiti 12 kutoka duka moja, ana pakiti 36. Lakini huenda pakiti za kila furushi zilijazwa dakika zile zile. Mtambo ukiwa umepotoka kidogo wakati huo, zote zimepotoka pamoja. Hao si mashahidi 36, bali ni mashahidi watatu waliokubaliana mapema. Hesabu ya kipeuo cha pili hudai kwamba pakiti zichaguliwe kwa nasibu na kwamba moja isitegemee nyingine.

Tofauti ya kweli yaweza kuwa ndogo

Kosa la saba ni kudhani kwamba kila tofauti iliyothibitishwa ni kubwa. Pakiti 900 zikipimwa na kupatikana upungufu wa gramu mbili, kosa sanifu ni gramu 0.67 na alama z ni -3. Nadharia tete sufuri inakataliwa bila wasiwasi. Hata hivyo, gramu mbili katika 2,000 ni sehemu moja ya elfu. Je, ni kiasi cha kumshtaki mtu? Takwimu hazijibu swali hilo. Hujibiwa na sheria, bei na busara.

La nane ni kupima mara nyingi na kuripoti mara moja. Mwanafunzi akipima pakiti kutoka viwanda 20 visivyo na kasoro yoyote, kila kimoja kwa hatari ya asilimia tano, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana na hatia ni asilimia 64. Akikitangaza hicho kimoja na kuvinyamazia 19, amemharibia mtu jina kwa sababu ya sadfa.

Pale hesabu ilipookoa watu

Ili kuona thamani ya kuyaepuka makosa haya, inafaa kuutazama utafiti mmoja ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago na wengineo, walitaka kujua iwapo tohara hupunguza hatari ya wanaume kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Kazi hiyo ilifanyika Kisumu.

Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa nasibu. Kundi la wanaume 1,391 lilipewa tohara mara moja, na kundi la 1,393 likaombwa kusubiri. Mtu hakujichagulia kundi, na hilo liliondoa shaka kwamba waliotahiriwa ni watu wa tabia tofauti tangu awali.

Walioambukizwa walikuwa 22 katika kundi la kwanza na 47 katika la pili, yaani takriban asilimia 1.6 dhidi ya 3.4. Mwanafunzi akiingiza idadi hizo katika kanuni ya kulinganisha viwango viwili, hupata kosa sanifu la asilimia 0.59 na alama z ya 3.04, ambayo imevuka kwa mbali mpaka wa 1.96 wa mikia miwili. Hesabu ya watafiti wenyewe ilikuwa ya kina zaidi, kwani ilizingatia muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa, lakini ilifikia uamuzi huo huo.

Watafiti hao hawakuchungulia matokeo kila wiki wakisubiri alama ivuke mpaka. Kufanya hivyo kungekuwa sawa na lile kosa la nane. Kulikuwa na bodi huru iliyoyakagua matokeo kwa awamu zilizopangwa. Ni baada ya ukaguzi wa tatu, tarehe 12 Desemba 2006, ambapo jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake ili wanaume waliokuwa wakisubiri nao wapewe nafasi ya kutahiriwa. Jaribio jingine lililofanywa Rakai, Uganda, lilisimamishwa wakati huo huo kwa sababu iyo hiyo. Mwezi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara iongezwe kwenye mbinu za kujikinga, na mwaka 2008 Kenya ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari.

Kiwango cha maambukizi kilipungua kwa takriban nusu, na tofauti ya aina hiyo haifanani na zile gramu mbili za unga. Hata hivyo hitimisho lilibaki ndani ya mipaka yake. Halikusema kwamba aliyetahiriwa hawezi kuambukizwa, na wanaume waliendelea kushauriwa kutumia kondomu.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani ana njia rahisi ya kujikagua. Akishamaliza hesabu, aandike sentensi moja isiyo na alama yoyote ya kihisabati, itakayoeleweka na muuza duka wa Kangemi: ni pakiti zipi zinazozungumziwa, ushahidi unaelekea wapi, na ni hatari gani ya kukosea iliyokubaliwa tangu mwanzo. Sentensi hiyo ikimshinda, basi hajamaliza swali, hata kama tarakimu zake zote ni sahihi.